Nilifungia wezi mlango, mteja wangu wa Muscat akabaki nje

Somo la leo limenigharimu oda ya shilingi 412,000 na nusura linigharimu mteja wa miaka miwili, kwa hiyo msome taratibu. Hasa nyie mliotoka kuuza Instagram na WhatsApp tu, mkafungua na tovuti yenu wenyewe.

Kwa wageni wa ukurasa huu: nauza vyombo vya jikoni, mashuka na mapazia hapa Tanga mjini. Nimeishia kidato cha nne. Mambo ya tovuti sijayasomea popote, nimejifunza kwa kuharibu na kutengeneza. Hili la leo ni katika yale niliyoharibu.

Nina mteja wangu, dada mmoja anafanya kazi Muscat, mama yake yupo Pangani. Tangu nianze biashara, kila sikukuu na wakati mwingine mwisho wa mwezi tu, ananiandikia: mdogo wangu, mpelekee mama hiki na hiki. Zamani nilikuwa namtumia picha moja moja WhatsApp, anachagua, tunakesha. Nilipofungua tovuti alifurahi kuliko mimi. Anaingia mwenyewe usiku akitoka kazini, anachagua, analipa kwa kadi yake ya benki ya kule, asubuhi mimi naamka nakuta oda, nafunga mzigo, naupakia basi la Pangani. Mama anapiga simu kushukuru. Kazi imeisha.

Sasa kama wiki tano kabla ya Idi nikaanza kupata oda za ajabu. Tovuti yangu ilikuwa inaruhusu mteja kulipa mzigo ukifika. Usiku mmoja ziliingia oda 43. Majina hayasomeki, namba za simu zina tarakimu 6, mtu anaagiza seti ya sufuria 19. Nikienda kuangalia zimetoka wapi, naona nchi hata sijawahi kuuza kijiko. Kibaya zaidi, kila oda ilikuwa inapunguza idadi ya mzigo, kwa hiyo asubuhi tovuti inawaambia wateja wa kweli kwamba sufuria zimeisha, wakati zimejaa stoo hapa nyuma yangu.

Nikaingia kwenye mipangilio ya programu ya ulinzi, nikakuta sehemu ya kuchagua nchi. Ruhusu nchi hizi tu. Nikatia alama Tanzania, nikahifadhi, nikalala. Kesho yake oda za uongo sifuri. Nikajiona mtaalamu, nikawaambia na wenzangu wawili hapa mtaani wafanye hivyo hivyo. (Samahani sana kwenu, mnajijua.)

Wiki mbili baadaye, katikati ya mfungo, dada wa Muscat akanitumia ujumbe: "Mdogo wangu, duka umefunga?" na skrinshoti. Ukurasa mweupe, maneno ya Kiingereza kwamba huruhusiwi kuingia, na namba 403. Mimi bila hata kufikiri nikamjibu, dada tovuti ipo hewani, mbona mimi naiona, zima data uwashe tena. Akazima akawasha. Wapi. Akajaribu simu nyingine. Wapi.

Hapo ndipo ilipokuja kuwa mbaya. Mdogo wake wa kiume alikuwa ndiyo kwanza amefika Muscat kumtembelea, simu yake bado ina laini ya huku, inatumia intaneti kwa roming. Akafungua linki ile ile, wamekaa kochi moja, na ikafunguka! Sasa wewe jiweke kwenye nafasi yake. Dukani watu wanaingia, mdogo wako anaingia, wewe tu ndiyo unaambiwa huruhusiwi. Na mwezi uliopita tulikuwa tumevutana kidogo kuhusu hotpoti iliyofika na mfuniko umepasuka. Akaandika, "Kumbe umenifungia mimi. Haya, asante." Kimya. Ile oda aliyokuwa amenitajia kwa mdomo, seti ya sufuria 145,000, mashuka mawili 76,000, mapazia matatu 126,000 na hotpoti 65,000, akaenda kununua kwa mtu mwingine. Nilijua kwa mama yake, siyo kwake.

Yule mdogo wake na roming yake ndiye aliyenipa jibu, ingawa ilinichukua siku tatu kuelewa. Ngoja niwaeleze maana hapa ndipo somo lilipo.

Kila kifaa kinapoingia intaneti kinaonekana kwa namba inayoitwa anwani ya IP. Hizi namba hazigawiwi ovyo. Dunia nzima kuna mashirika matano yanayozigawa kwa kanda. Letu la Afrika ni AFRINIC, makao yake Mauritius. Omani wao wapo chini ya RIPE NCC, shirika la kule Amsterdam linalohudumia Ulaya, Mashariki ya Kati na sehemu ya Asia. Mashirika haya yanazipa kampuni za simu na intaneti mafungu ya namba, halafu kuna kampuni nyingine, MaxMind ni mojawapo, zinazotengeneza orodha kubwa: namba kuanzia hii mpaka hii ni Tanzania, kuanzia hii mpaka hii ni Omani. Tovuti yako ikiambiwa ruhusu Tanzania tu, inachofanya ni kuangalia namba ya anayebisha hodi kwenye ile orodha. Basi. Haimjui mtu, haijui ni Mtanzania au siyo, haijui amenunua kwako mara ngapi. Ni kama bawabu anayeangalia namba ya gari bila kuangalia nani amekaa ndani.

Na ndiyo maana laini ya roming ilipita. Ukiwa nje na laini yako ya nyumbani, kwa kawaida intaneti yako inarudishwa kwanza kwenye mtandao wako wa nyumbani ndiyo inatoka duniani. Kwa hiyo yule kijana, amekaa Muscat, kwa tovuti yangu alikuwa Tanzania. Dada yake mwenye waifai ya nyumbani kwake alikuwa Omani.

Nilipoelewa hilo nikaanza kuogopa, nikajiuliza nimewafungia akina nani wengine. Nikachimba. Jamani.

Wa kwanza walikuwa wateja wa hapa hapa. Wapo watu wengi wanatumia Opera Mini kubana bando. Ile programu ikiwa kwenye kubana sana, ukurasa haufiki kwenye simu moja kwa moja, unapitia kwanza kwenye kompyuta za Opera zilizo nje ya nchi, unapunguzwa uzito, ndiyo unaletwa. Kama programu yako ya ulinzi haijapangwa kulijua hilo, mama wa Chumbageni mwenye bando la mia tano anaonekana mgeni wa Ulaya, anafungiwa. Huyo hawezi kukutumia skrinshoti. Ataondoka tu.

Wa pili ni Google. Hapa nilishika kichwa. Programu ya Google inayopita kwenye tovuti kusoma kilichomo, ili mtu akitafuta "mapazia Tanga" duka lako litokee, mara nyingi inatokea kwenye namba za Marekani, Google wenyewe wanasema hivyo. Ukifungia Marekani umemfungia Google. Ndivyo na ile programu ya Facebook inayokuja kuangalia linki yako kabla ya kuonyesha picha na bei, na tangazo la kulipia linaweza kukataliwa kwa sababu linki haifunguki. Wiki ile ile tangazo langu la 20,000 lilikuwa limekataliwa, na mimi nilishawatukana kimoyomoyo.

Wa tatu ni malipo. Wateja wawili wa hapa Tanga walilipa kwa simu, hela ikaingia, lakini tovuti ikaendelea kusema inasubiri malipo. Mmoja alikuja dukani amekunja sura na ujumbe wa muamala mkononi. Mteja akilipa, kompyuta ya kampuni ya malipo inagonga mlango wa tovuti yako kuiambia, oda namba fulani imelipwa. Kompyuta ya kampuni ninayotumia mimi ipo nje ya nchi. Ilikuwa inagonga na bawabu wangu anaifukuza.

Kwa hiyo kwa ajili ya mwizi mmoja wa usiku niliwafukuza mteja wangu bora, wabana bando, Google na mtu anayeniletea taarifa za hela zangu. Na yule mwizi mwenyewe, akitaka, anawasha VPN anaonekana yupo popote anapotaka. Anayejua kuiba anajua na kuzunguka. Aliyekuja kununua hana muda huo.

Mtaniuliza, mbona maduka makubwa ya nje yanatufungia sisi kila siku? Ni kweli. Wote tumewahi kubonyeza linki ya duka la Marekani kuangalia bei, tukakutana na ukuta. Lakini wao wana sababu zao, na nyingi wewe huna. Kuna duka lina mkataba na mwenye nembo kwamba liuze ndani ya nchi fulani tu. Kuna vikwazo vya serikali zao. Kuna hofu ya kadi za wizi kutoka nchi wasizozijua, na sisi tumeingizwa humo kwa jumla, inauma lakini ndivyo. Na kuna sheria. Tarehe 25 Mei 2018 Umoja wa Ulaya ulianza kutumia sheria yake ya kulinda taarifa za watu, GDPR, yenye faini inayoweza kufika euro milioni 20 au asilimia 4 ya mauzo ya kampuni ya mwaka duniani kote, kile kilicho kikubwa zaidi. Siku hiyo hiyo magazeti makubwa ya Marekani kama Los Angeles Times na Chicago Tribune yakawafungia wasomaji wa Ulaya, kwa kuwa kufunga kulikuwa rahisi kuliko kujipanga. Mkubwa anaweza kupiga hesabu kwamba wateja wa kanda nzima hawamlipi gharama ya mwanasheria. Wewe mwenye oda 12 kwa siku hesabu hiyo haikuhusu.

Kilichonifurahisha zaidi ni hiki. Hao hao Ulaya, tarehe 3 Desemba 2018, wakaanza kutumia kanuni nyingine, namba 2018/302, inayokataza maduka ya mtandaoni kumfungia mtu wa nchi nyingine ya Umoja huo au kumhamisha kwenye tovuti nyingine bila ridhaa yake. Mtu wa Ureno aruhusiwe kununua kwenye duka la Ujerumani kama Mjerumani anavyonunua. Lakini, na hapa sikilizeni vizuri, duka halilazimishwi kumpelekea mzigo Ureno. Kama linapeleka Ujerumani tu, yeye atafute anwani ya Ujerumani au aufuate mwenyewe. Kanuni hiyo ni ya kwao, haitusaidii mimi wala wewe ukifungiwa. Ila nilipoisoma nikasema kumbe jibu ndilo hili. Kuangalia duka ni jambo moja, kulipa ni jambo la pili, kupelekewa mzigo ni la tatu. Mimi nilikuwa nimeyafunga yote matatu kwa kufuli moja.

Basi nikafanya hivi.

Ile alama ya nchi nikaitoa kabisa. Mahali pake nikawasha kipimo kwa wageni wanaotia shaka, kile cha kuthibitisha kwamba wewe ni binadamu. Kinachukua sekunde chache, mtu anapita, roboti nyingi zinabaki nje. Kompyuta ya kampuni ya malipo nikaiweka kwenye orodha ya wasiosumbuliwa, nikitumia namba walizonipa wao wenyewe nilipowaandikia. Usibahatishe hizo namba, waulize.

Upande wa kupeleka mzigo nikaacha Tanzania tu. Hii ni haki yako na haimkeri mtu. Nikatenganisha anayenunua na anayepokea. Zamani fomu yangu ilikuwa na sehemu moja ya jina, simu na anwani, ndiyo maana mtu wa Muscat alikuwa anahangaika aandike ya nani. Sasa zipo mbili. Anayelipa anaweza kuwa popote duniani, namba yake ianze na chochote. Anayepokea lazima awe na namba inayoanza na 255, yenye tarakimu kamili, na fomu haikubali pungufu. Ukweli ni kwamba hicho kitu kidogo kimeua zile oda za tarakimu 6 kuliko ulinzi wote.

Kulipa mzigo ukifika nimeacha, lakini mzigo hautoki stoo mpaka nimempigia anayepokea na amenijibu kwa mdomo. Na idadi ya mzigo haipungui mpaka nithibitishe. Seti 19 za sufuria za usiku haziniumizi tena.

Kwa kadi kutoka nje niwe mkweli, hatari ipo. Kadi ikiwa ya wizi, mwenye nayo atalalamika benki kwake, na hela inaweza kurudishwa hata miezi kadhaa baadaye wakati wewe mzigo ulishatoa. Kinachokusaidia ni ule uthibitisho ambao benki inamtumia mwenye kadi namba ya siri kwenye simu kabla malipo hayajakubaliwa. Malipo yakipita kwa njia hiyo, kwa kawaida hasara ya wizi inahamia kwa benki iliyotoa kadi. Iulize kampuni yako ya malipo kama imewashwa kwenye akaunti yako. Yangu ilikuwa haijawashwa na hakuna aliyeniambia. Pia tarakimu za mwanzo za kadi zinaonyesha benki iliyoitoa, kwa hiyo kampuni yako inaweza kukuonyesha nchi ya kadi. Kadi ya Omani, mnunuzi wa Omani, mpokeaji Pangani, hiyo ina mantiki, ni mtoto anamkumbuka mama. Kadi ya nchi moja, mnunuzi nchi nyingine, anataka simu tano leo leo na hapatikani kwa sauti, hiyo iache ilale.

Kama bado una sababu ya kufunga, funga ukurasa wa malipo tu, uache bidhaa zionekane. Na usimwachie mteja ule ukurasa mweupe wa Kiingereza. Andika kwa Kiswahili: "Kwa sasa hatupokei malipo kutoka ulipo, tuandikie WhatsApp tukusaidie," na namba yako hapo. Dada yangu angeona maneno hayo asingedhani nimemchukia.

Mteja akikutumia skrinshoti, msimrukie na zima-washa kama mimi. Angalia namba. 404 ni ukurasa haupo, labda linki imekosewa. 403 ni kwamba mlango upo ila amekataliwa, kwa hiyo tatizo lipo kwako, siyo kwake. 451 ni amezuiwa kwa sababu za kisheria. Kama unatumia Cloudflare na ameona 1009, hiyo ni nchi yake imefungiwa, moja kwa moja.

Na msimwambie mteja awashe VPN ili aingie dukani kwako. Kwanza ni aibu, pili hapa kwetu TCRA ilishatangaza Oktoba 2023 kwamba wanaotumia VPN wajisajili, unamuingiza mwenzio kwenye mambo yake mengine kwa sababu ya hotpoti.

Kupima ni rahisi. Mtafute ndugu, jirani, mtu uliyesoma naye aliyepo nje, umpe linki, aingie mpaka ukurasa wa kulipa, akutumie picha. Awe anatumia intaneti ya huko, siyo roming. Mwambie na mtu wa hapa ajaribu kwa Opera Mini. Halafu nunua kitu cha bei ya chini mwenyewe, uone kama oda inabadilika kuwa imelipwa bila wewe kuigusa.

Dada wa Muscat nilimpigia, sikumwandikia. Nilimweleza yote, namba za IP, bawabu, roming ya mdogo wake. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mdogo wangu, hayo ya IP mimi siyajui. Mimi nilijua umekasirikia mfuniko." Mfuniko nilimtumia mama mpya bila hela, na nilitakiwa nifanye hivyo siku ile ile. Wiki mbili akanyamaza. Kisha ikaingia oda ya kikaango kimoja, 28,000, nadhani alikuwa ananipima. Jana usiku ameagiza mashuka manne.

Oda za uongo bado zinakuja, wiki hii tatu, nazifuta nikinywa chai. Waliofungia nchi kama nilivyowashauri nendeni mkafungue leo, mkikwama niandikieni inboksi na picha ya mipangilio yenu. Ila baada ya saa nane, sasa hivi nafunga mzigo, basi la Pangani halinisubiri.